Mahali Lilipokuwa Jina la Mke Wangu

Mke wangu alikuwa na sauti ya chini na mguu wa kushoto ulioingia ndani kidogo, na alipoonja mboga alidondosha mchuzi kiganjani badala ya kutumia kijiko. Kwao alikuwa wa pili kuzaliwa. Chai yake ilibidi ichemke mpaka jirani aulize kama tumesahau sufuria motoni. Haya yote nayasema bila kusita. Jina lake ndilo siwezi kulisema. Si kwamba nimekatazwa, wala si kwamba naona haya. Lilinitoka siku niliyoanguka kule Loresho, na nimeonyeshwa kwa macho yangu, kwenye kioo cha kompyuta, mahali palipoharibika mpaka likanitoka.

Ninaandika kwa sababu mwaka huu nilitakiwa nilitamke mbele ya watu, nikiwa nimembeba mjukuu wangu, na sijawahi kutaka kitu hivyo.

Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kwa hivyo nianze na ninachokijua. Nilikuwa fundi wa plasta. Ukipiga plasta huwezi kujua kama ukuta umenyooka ukiwa umeubandikia pua. Unapiga mara tatu, nne, unarudi nyuma hatua moja, unaangalia, unarudi mbele. Hiyo hatua ya nyuma hakuna anayekufundisha, mwili wenyewe unaizoea, na fundi aliyekaa kazini miaka ishirini haangalii tena anapokanyaga. Ndiyo maana jukwaa huwekwa mbao mbili kwa upana. Asubuhi hiyo msimamizi wa mjengo aliuondoa ubao wa nyuma kwenye jukwaa langu. Aliutaka kwa slabu ya tangi la maji. Aliuchukua nikiwa chini nachanganya saruji, na hakusema neno. Nikapanda, nikapiga, nikarudi nyuma.

Huyo msimamizi ni mrefu, ana pengo kwenye meno ya mbele, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na akitaka kukudharau anakuita injinia. Jina lake ningeliandika hapa kwa herufi kubwa kama ningelipata. Lakini maelezo yanatosha. Akisoma atajijua.

Wa pili wa kulaumiwa ni mwenye nyumba. Alikuja na gari lake akanikuta nimeamka, nimekaa chini ya kivuli cha ukuta, hata nimeuliza mwiko wangu uko wapi na wenzangu wakacheka kwa furaha kwamba nimepona. Akasema, "Msimpeleke hospitali ya hapa karibu, wataanza maswali. Mpelekeni kwake akalale." Nikalazwa nyuma ya pikapu juu ya mifuko mitupu ya saruji, nikapelekwa nyumbani Kabiria. Kumbe ndani ya kichwa damu ilikuwa inakusanyika polepole, kama maji yanayoingia kwenye msingi bila mtu kuyaona.

Mke wangu ndiye aliyeyaona. Asubuhi yake alinishika kidevu akanigeuzia mlangoni, kwenye mwanga, akaona mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili. Hakubishana na mtu. Alinivika koti, akamwambia mdogo wangu anishike upande wa pili.

Huyu mdogo wangu ndiye wa tatu, na huyu ananiuma kuliko wote kwa sababu tumenyonya titi moja. Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba hiyohiyo, na mwenye nyumba alikuwa amemwahidi kazi ya kuweka vigae vya vyumba vyote. Tulipofika hospitali, muuguzi akauliza mgonjwa amepatwa na nini, mdogo wangu akawahi kujibu, "Ameteleza bafuni."

Mke wangu akamgeukia. "Bafu gani? Sisi tunaogea kwenye beseni." Kisha akamwambia muuguzi, "Dada, huyu ameanguka kutoka ghorofa ya pili, jana kabla ya chakula cha mchana. Andika hivyo."

Kwa maneno hayo ndipo nilipotolewa kwenye foleni nikapelekwa kupigwa picha ya kichwa. Mimi sikumbuki. Ni yeye aliyenisimulia, kwamba picha ilionyesha damu imejaa upande wa kushoto na imeusukuma ubongo, na kwamba daktari aliyenipasua alimwambia kama ningeletwa siku niliyoanguka, pengine ubongo usingekandamizwa muda wote huo. Hilo neno pengine nimeishi nalo.

Nilipoamka nilimwona amekaa kando ya kitanda na kitambaa chake cha kijani. Nilimjua papo hapo. Nilijua ni mke wangu, nilijua tumezaa mtoto mmoja wa kike, nilijua ana mguu ulioingia ndani. Nikafungua mdomo nimwite, na mahali pa jina hapakuwa na kitu. Nikasema, "Wewe, niletee maji."

Wiki za kwanza alifanya utani. Nikimwita wewe, anauliza, "Umeoa wangapi hata unaogopa kukosea jina?" Wageni wakija anawaambia, "Mzee wangu amekuwa mwanasiasa, anasalimia kila mtu mheshimiwa." Ni kweli, maana si jina lake tu lililokuwa limepotea. Majina yote ya watu yalikuwa yamekwenda, la mama yangu, la mchungaji, la mdogo wangu, na majina ya mitaa nayo yaliponyoka mara nyingi, ingawa mengi yalirudi baadaye. Vitu vya kawaida vilibaki. Mwiko niliujua ni mwiko, timazi ni timazi. Ningeweza kukueleza kuhusu mtu yeyote mpaka uchoke kusikiliza, ila siwezi kukuambia anaitwa nani.

Utani uliisha siku tuliyokwenda mjini, kwenye ofisi ya malalamiko ya wafanyakazi. Tulipanda ngazi ghorofa nne kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika, mimi nikishika ukuta. Karani alikuwa na fomu. Akauliza, "Msimamizi wako anaitwa nani?" Nikamweleza kofia ya sufu, pengo, maneno yake. Akasema, "Mzee, hapa kuna nafasi ya jina." Mke wangu akataka kujibu, karani akamzuia. "Mama, mlalamikaji ni yeye. Acha ajibu mwenyewe." Akauliza kama nina shahidi. Wenzangu wa mjengo walikuwa wametawanyika. Shahidi aliyebaki alikuwa mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa Loresho anaweka vigae. Karani akaifunga fomu. "Rudini akikumbuka."

Tulishuka ngazi, mimi nikishika ukuta tena. Kule chini, watu wakipita na haraka zao za mjini, mke wangu alisimama akanirekebisha kola ya shati, akasema, "Niite."

Nikajaribu. Nilijaribu mpaka macho yakatoa maji. Aliniangalia, kisha akanishika mkono tukaenda kutafuta gari la kurudi Kabiria. Hakunijaribu tena maisha yake yote. Presha ilimchukua miaka mitatu baadaye, kwa siku nne tu. Siku ya mwisho nilimwita wewe, akaitika kwa ile sauti ya chini, "Naam, niko hapa," kama mtu aliyeitwa vizuri kabisa.

Watu hudhani aliyefiwa anakumbuka uso kisha uso unaanza kufifia. Kwangu uso uko palepale, hata alama ya kuungua aliyokuwa nayo kwenye kidole gumba. Lakini wengine nawaona wakikaa peke yao wanataja jina la mtu wao taratibu, wanalirudia. Jirani yangu aliyefiwa na mumewe hufanya hivyo akifua nguo. Mimi nikifua nguo zangu sina cha kutaja.

Binti yangu ndiye aliyesikia kwamba kuna daktari mjini anayewatafuta watu walioumia ubongo mahali pamoja, awachunguze kwa mashine ya sumaku. Nilikataa. Nilimwambia nimechoka kuulizwa maswali nisiyoyaweza. Akasema, "Baba, huyu anataka kujua kwa nini. Wale wengine walitaka ujaze fomu."

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu hivi, viatu vyake vya mpira. Kwanza alinionyesha picha za kawaida, nyundo, mbuzi, jagi, nikazitaja zote. Kisha picha za watu. Binti yangu alikuwa amempelekea picha kutoka kwenye simu, nami sikuwa nimeambiwa. Ilipotokea ile ya mke wangu akiwa amesimama nje ya kanisa nikashika meza.

"Unamjua huyu?"

"Ni mke wangu. Alifariki."

"Pole, baba. Anaitwaje?"

Nikatikisa kichwa. Hakunihimiza. Akaandika majina matatu kwenye karatasi akaniwekea mbele. Mawili sikuyaona hata kidogo. La katikati nilililamba kwa macho. Nikaweka kidole. "Ni hili."

"Una uhakika?"

"Daktari, huyu nimelala naye miaka ishirini na miwili."

Akacheka, kisha akaniomba nilisome kwa sauti. Nikalisoma. Nilisikia mdomo wangu ukilitaja jina la mke wangu, na chumba kizima kikawa na harufu ya chai iliyochemka sana. Akaigeuza karatasi. "Anaitwaje?" Lilikuwa limekwenda. Kwa kuhesabu mpaka kumi lilikuwa limekwenda.

Siku ya mashine nilivuliwa mkanda na saa, nikaulizwa kama nina chuma mwilini, nikasukumwa ndani ya ule mtungi kichwa kikiwa kimebanwa kwa sponji. Inagonga kama watu kumi wanaovunja slabu. Juu ya macho kuna kioo kidogo, na picha zinapita humo. Kazi yangu ilikuwa kulala tuli na kubonyeza kitufe nikimjua mtu, kisha nijaribu kulitaja jina lake moyoni. Mke wangu alipita mara nyingi. Kila alipopita nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

Siku ya majibu daktari alinivutia kiti karibu na kompyuta yake. Alinionyesha ubongo wangu umekatwakatwa kama mkate. Mbele kushoto, nyuma ya paji karibu na sikio, palikuwa na doa jeusi ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. "Hapa ndipo damu ilikandamiza, pakafa," akasema. Kisha akaleta picha nyingine, ileile lakini ina madoa ya rangi ya chungwa. "Na hii ni wakati unamwangalia mama. Hii mashine inaangalia damu inakimbilia wapi ndani ya ubongo ukifanya kazi fulani. Rangi tumeipaka sisi, usifikiri ni moto. Ni hesabu za kompyuta."

Hata kama ni hesabu. Nyuma, pa kuonea, palikuwa na rangi. Pembeni, pa kutambulia nyuso, palikuwa na rangi. Ndani kabisa, anapoweka mtu mambo ya zamani, pia. Kichwa changu chote kilikuwa kinamwitikia mke wangu. Doa jeusi tu ndilo lililokaa kimya.

Nikamuuliza lililokuwa linanisumbua miaka yote. "Jina limekufa?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na nilimpenda kwa hilo. "Lingekuwa limekufa, usingelichagua kati ya matatu. Na ulilichagua mara moja, kila nilipokupima. Mimi naona jina lipo. Njia ya kutoka na jina ndiyo imeharibika. Lakini nisikudanganye, picha inanionyesha palipoumia na panapofanya kazi. Hainionyeshi kila kitu kilicho ndani yako." Akaniambia ana mgonjwa mwingine aliyeumia upande wa kulia, huyo anakula nusu ya sahani na kuuliza kwa nini amepewa chakula kidogo, maana upande wa kushoto wa dunia kwake haupo. Kila mtu na mahali pake palipogongwa.

Nikauliza kama njia itatengenezeka.

"Baada ya miaka hii yote, sitegemei, baba."

Nilitoka nje nikiwa na furaha na uchungu, sijui kipi kilikuwa kikubwa. Kwamba lipo. Kwamba nalibeba kila siku, nalala nalo. Na kwamba msimamizi mmoja alihitaji ubao wa futi kumi na mbili.

Sasa nifike kwa mjukuu. Binti yangu ameolewa na kijana wa hapahapa, ukoo wa watu waliokaa upande huu wa Dagoretti tangu mababu. Kwao majina hayachaguliwi. Msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Mwaka huu alizaliwa wa pili. Kwa hivyo jina lilijulikana kabla mtoto hajafungua macho. Lakini kwetu magharibi jina la aliyekufa haliwekwi tu kwenye karatasi. Mzee wa nyumba ya mwenye jina anambeba mtoto, anasema habari za marehemu, halafu analiita jina hilo kwa mdomo wake, ndipo mtoto anakuwa nalo. Mkwe wangu, yaani baba ya huyo kijana, ni mwenye nyumba za kupangisha na ni mtu wa kiburi kidogo, lakini alikubali. "Sisi tumetoa mfuatano," akasema, "nyinyi mtatoa mdomo." Hakujua mdomo wenyewe uko vipi. Binti yangu hakuwa amewaambia. Aliona aibu, au aliniogopea mimi.

Nilifanya mazoezi mwezi mzima. Binti yangu aliliandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya jiko. Nalisoma, nafumba macho, nalitafuta, halipo. Nilijaribu kulishika kwa kuanza mbali, kwa mguu, kwa kitambaa cha kijani, nikitumaini litatoka lenyewe kama kuku akiachwa bila kufukuzwa. Halikutoka. Binti yangu akasema nisome kwenye karatasi siku hiyo, hakuna atakayejali. Nikamwambia mama yako hakuwa ratiba ya ibada hata asomwe.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, kwa wakwe. Chakula kilikuwa kimeliwa. Mdogo wangu alikuwepo, amenenepa, ameketi karibu na mlango. Sijamfukuza maishani mwangu na sijamsamehe, tunakaa hivyo. Shosho, yaani bibi wa nyumba hiyo, mama ya mkwe wangu, aliniwekea mtoto mikononi akasema, "Mzee, usimwangushe, huyu hana hata nywele za kumshikia."

Nikaanza. Nikasema alikuwa wa pili kuzaliwa, kama wewe. Nikasema alikuwa na sauti ya chini lakini hakuna aliyemshinda kwa maneno. Nikasema aliona jicho langu asubuhi moja akaniokoa, wakati watu wengine walisema nimeteleza bafuni. Mdogo wangu akaangalia sakafu. Nikasema yote, watu wakawa wanaitikia, wengine wanafuta macho, nikafika mahali pa kusema, na wewe utaitwa. Nikasimama hapo.

Walingoja. Wakafikiri ni machozi. Mkwe wangu akakohoa. Mtoto akaanza kujinyonganyonga. Nililisikia limekaa nyuma ya sikio langu la kushoto, ningeapa hivyo, na hakuna mlango.

Ndipo mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, "Ndugu yangu, wacha nikusaidie. Anaitwa—"

"Wewe nyamaza," nikasema. "Ulishanisaidia hospitali."

Chumba kikawa baridi. Binti yangu alikuwa amesimama na bilauri za soda. Nikamwambia, "Mama, weka hizo chini. Niambie majina matatu. Mawili yawe ya uongo. Lingine la mama yako."

"Baba, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Na mjue wote," nikawaambia wakwe, "mimi nilianguka kazini nikaumia mahali ambapo majina hutokea. Nimepigwa picha, nimepaona. La mke wangu lipo ndani, halitoki lenyewe. Mkiona ni vibaya, mniambie sasa."

Mkwe wangu akamwangalia mama yake. Shosho akavuta shali yake. "Sijawahi kuona jina likipigiwa kura," akasema, "lakini endeleeni, chai isipoe."

Binti yangu akataja la kwanza. Nikatikisa kichwa. Akataja la pili, na sauti yake ikavunjika kidogo, lakini si kwa kuvunjika huko nilipolijua. Nililijua lenyewe, lilivyo. Nikasema, "Huyo. Huyo ndiye." Kisha kabla halijanikimbia nikamwinamishia mtoto uso wangu nikalisema. Nikalisema mara tatu, kwa mdomo wangu. Shosho akapiga kigelegele na wanawake wengine wakamfuata, na mtoto akalia kwa kelele zao.

Nilijaribu kutoka nalo pale. Nilikuwa nalirudia kimya wakati wa chai, lakini mtu akaniuliza kama nataka sukari, nikamjibu, na nilipogeuka halikuwepo.

Siku hizi naenda kwa binti yangu kila Jumamosi. Nakaa uani kwenye kibao, naangalia nguo zikikauka. Ndani ya nyumba wanamwita mtoto kutwa nzima, kama watu wanavyowaita watoto, kwa kumbembeleza na kwa kumgombeza, na kila mara jina linanifikia kama geni na kama langu. Jumamosi iliyopita binti yangu aliliita kwa sauti kutoka jikoni, ghafla, na nikajikuta nimesimama, nimegeukia mlangoni, nikingoja kusikia naam ya sauti ya chini.

Mtoto hajaanza kuongea. Alitoka akitambaa, ameshika kijiko.